Baba mkwe anataka mtoto aitwe BAKARI, naombeni ushauri wakuu

MkeWaMtu_TA
Habari zenu wakuu. Mwezi ujao natarajia kujifungua inshallah, mtoto wa kwanza, na altrasaundi imesema wa kiume. Mimi na mume wangu tulishakubaliana ataitwa Rayan, mashoga zangu wote washaanza kuniita mama Rayan, sasa juzi baba mkwe kapiga simu kutoka Pangani anasema mjukuu wake wa kwanza ni Bakari, jina lake yeye, na hataki mjadala. Mume wangu mbele ya babaake hana sauti, kila nikimuuliza ananiambia tutaona. Sina ubaya na mzee ila jamani Bakari miaka hii? Nikilisikia namuona mtu mzima na kanzu yake juu ya baiskeli ya Phoenix. Darasani wenzie ni kina Jayden na Arham. Nimegugo maana yake nimekuta eti "mwenye matumaini makubwa", nikasema afadhali. Jina limepitwa au mimi ndo nazingua?

dotto_wa_temeke
Unazingua 😂 Bakari wamejaa mtaani, we huwajui kwa sababu wanaitwa Beka. Mpaka anafika darasa la pili huyo hakuna atakayekumbuka jina zima.

mwanasheria_wa_mitandaoni
Mimba ubebe wewe jina atoe mwingine? Komaa na Rayan, mzee atazoea.

mwalimu_mstaafu
Binti, hiyo maana ya matumaini sahau. Bakari ni Abubakar, pwani tumekata mbele tukaweka irabu nyuma kama tulivyofanya Uthman akawa Athumani na Mubarak akawa Mbaruku. Kwa Kiarabu abu ni baba, bakr ni ngamia kijana. Umaarufu wake wote unatoka kwa khalifa wa kwanza baada ya Mtume, aliyeongoza 632 mpaka 634, na hata yeye jina alilopewa lilikuwa Abdallah, hilo la Abubakar ni la heshima tu. Watu hawakuwapa watoto wao jina hili kwa sababu ya ngamia, walimtaka yule mtu.
Halafu unaliona la kizee kwa sababu huku pwani mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi hurithi jina la babu mzaa baba, ndo maana unakutana na Bakari Juma Bakari, linaruka kizazi linarudi. Nyie mlioanza kuchagua majina kwenye simu ndo mmeukata huo mnyororo. Na wenye jina hilo hawakuishia kwenye baiskeli, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa anawafundisha Wajerumani Kiswahili kule Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900.

mbongo_atlanta
Mwalimu kamaliza ila naongezea kuhusu hiyo "matumaini makubwa", hiyo iko kwenye orodha za majina za huku Marekani. Miaka ya 60 na 70 wakati wa Black Power Wamarekani weusi wengi walitafuta majina ya Kiafrika na Kiswahili kilipendwa sana, Kwanzaa yenyewe ilianzishwa 1966 na maneno yake ni ya Kiswahili. Bakari likaingia na watu mpaka leo wanawapa watoto. Kuna Bakari Sellers wa South Carolina, alichaguliwa bunge la jimbo 2006 akiwa na miaka 22, babaake alikuwa kwenye harakati za haki za weusi. Yaani huku Bakari ni jina kali, mimi mwenye jina la Kizungu ndo naulizwa kwani huko kwenu hamna majina yenu.

kijiwe_cha_boli
Bacary Sagna aliyekuwa beki wa Arsenal, asili yake Senegal, jina ni hilo hilo. Boubacar, Babacar, Aboubakar wa Cameroon, wote ukoo mmoja. Hapa kwetu Bakari Shime kawafundisha Twiga Stars. Mbona la kisasa tu hilo.

ustadhi_mtarajiwa
Dada, Rayan nalo la Kiarabu, Rayyan ni ule mlango wa peponi wanaoingilia wanaofunga saumu. Kwa hiyo usiseme moja la kizee moja la mjini, yametoka duka moja, tofauti ni lipi limeanza kuuzwa hapa kwetu.

mama_wawili
Wote hapo juu hamjaolewa nyie. Shida sio maana, shida mkaza mwana kutaja jina la mkwe! Siku mtoto kamwaga uji na mzee yuko barazani, utafoka "we Bakari mshenzi"? Mimi wangu wa kwanza karithi jina la babaake mume wangu na sijawahi kulitamka, namwita Babu, akinikera namwita baba mkwe njoo hapa. Hata wewe mpe mzee jina lake, hilo Rayan libaki la nyumbani, utalitumia kuliko hilo jingine.

fundi_wa_kyela
Mkishaamua mwandiko uwe mmoja kuanzia tangazo la kizazi. Kuna mtu namjua cheti cha kuzaliwa Abubakar, cha shule Bakari, kitambulisho Abubakari, kila akiomba kazi anaanza na kuhangaikia viapo.

MkeWaMtu_TA
Nimewasoma wote, mama wawili umenimaliza, hilo la kufoka sikulifikiria kabisa 😂 Nimeongea na mume wangu, kwenye cheti tutaandika Bakari kama mzee anavyoandika lake, na nyumbani ni Rayan. Kampigia babaake, mzee kafurahi anasema mbuzi wawili wa akika anawatoa yeye. Ila kaongeza kwamba altrasaundi ikikosea, wa kike jina lipo, la mama mkwe.

dotto_wa_temeke
Mama mkwe anaitwa nani?