Tupeane uzoefu: Central Park, New York, ukiingia na familia

Kipanga: Wakuu, wanaokuja waambieni la maana, picha wanazo tayari. Hekta 341 hizo.

Mwanalamu: Anza na nguzo za taa. Kila moja ina tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni mtaa ulio jirani. Ya mwisho ikiwa shufwa uko mashariki, witiri magharibi. 7412 ni Mtaa wa 74, mashariki. Ikianza 06 ni Mtaa wa 106. Kule Ramble, sehemu yenye msitu, Olmsted na Vaux waliobuni bustani walivipinda vijia makusudi ili mtu ausahau mji, basi usishangae simu ikikuzungusha. Mtoto akipotea humo, wazazi msitawanyike wote! Mmoja abaki pale alipoonekana mwisho, mwingine apige 911, namba ya dharura, asome namba ya nguzo. "Tuko karibu na mwamba mkubwa" haisaidii, miamba imejaa bustani nzima. Mtoto naye afundishwe mapema: simama kwenye taa, usome namba.

Chuma: Hiyo ya nguzo naihifadhi.

MpigaKasia: Mashua za kukodi ziko Loeb Boathouse. Mpiga makasia huketi akipa mgongo anakokwenda, kwa hiyo abiria anayemkabili ndiye macho yake. Kasia lifunikwe na maji tu. Likizama sana linanasa na mpini unakurudia kifuani. Kubadilishana viti ni gatini, si katikati ya ziwa.

Chuma: Baiskeli: mzunguko mkubwa ni kama kilomita 9.8, wote kinyume cha saa. Harlem Hill punguza gia KABLA ya mlima. Ukingoja mguu uwe mzito, mnyororo unaruka.

Kipanga: Si mlima huo, ni tuta.

Chuma: Panda na mtoto nyuma halafu urudi hapa.

Zuhura_NY: Jumapili ya kwanza ya Novemba usilete baiskeli. Marathoni ya New York inaingia bustanini Mtaa wa 90, inamalizikia karibu na mkahawa wa Tavern on the Green. Mkenya Tegla Loroupe aliishinda 1994.

MpigaKasia: Watoto wapelekeni kuvua Harlem Meer, ziwa la kaskazini mwa bustani. Dana Center, kituo cha wageni hapo ziwani, wanaazimisha fimbo za kuvulia bure ukionyesha kitambulisho. Chambo mahindi, ndoana haina kimiba, na samaki anarudishwa majini.

Kipanga: Anarudishwa? Huo si uvuvi.

MpigaKasia: Ndiyo sheria, mkuu. Lowesha mikono kwanza, ukimshika mkavu unamtoa utelezi wake.

Kipanga: Kwa hiyo mnamlisha mahindi, mnamwosha mikono, mnamuaga.