Miyazaki, Japani: nani aanzie ufukwe gani kuteleza mawimbini?

Shangani_Kusini
Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Tunakwenda watatu Miyazaki mwisho wa Septemba. Mmoja hajawahi kulalia ubao, wa pili anasimama kwenye povu lakini wimbi ambalo halijavunjika linamshinda, wa tatu mzoefu. Kuogelea wote tunajua. Tufikie wapi kila mtu apate wimbi lake, na tubebe nini?

Mlango_wa_Bahari
Fikieni Aoshima. Reli ya Nichinan ina kituo hapo, ufukwe ni wa kutembea kwa miguu. Chini mchanga, anayeanza ajifunzie maji ya kiunoni. Mzoefu aende Kisakihama, ni jirani; ndiko yalikofanyika mashindano ya dunia ya ISA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, mwaka 2019. Wa kati aamue asubuhi akishaiona bahari: wimbi likiwa la kiunoni amfuate mzoefu, likifika kifuani abaki Aoshima. Ile miamba yenye mistari inayokizunguka kisiwa cha Aoshima, Oni no Sentakuita, kaeni nayo mbali. Maji yakijaa inafunikwa, ndipo inapovunja mapezi ya ubao na kuchuna ngozi.

Kinachowaponza watu wa huku ni hiki: kwetu pale wimbi lisipovunjika ni mlango wa mwamba, mashua inapita salama. Kule mawimbi yanavunjikia kwenye mafungu ya mchanga, na hapo palipotulia kati ya povu na povu ndipo maji yanaporudi baharini kwa nguvu. Ukivutwa usishindane nayo. Ng'ang'ania ubao, piga mikono sambamba na ufukwe mpaka ulifikie povu, likurudishe. Mzoefu anautumia mkondo huohuo kufika kwenye mawimbi ya nje bila kuchoka.

Ngalawa_Mikindani
Ubao msibebe, kodini kulekule. Anayeanza achukue wa sponji, futi 8 au 9, na kamba ya mguuni isiwe fupi kuliko ubao. Septemba maji yana joto, kaptula na fulana ya kuogelea zinatosha. Januari ni habari nyingine, hata kama mkondo joto wa Kuroshio unapita karibu: nguo ndefu ya mpira, milimita 3 hadi 5.

Pua ya ubao ikizama kila mara, umelala mbele mno. Rudi nyuma kidogo, hata nusu shubiri. Wimbi likikupita chini bila kukubeba, umelala nyuma mno au umechelewa kupiga mikono. Wakati wa kuinuka viganja viwe usawa wa mbavu, maana ukishika kingo ubao unayumba. Na kuanguka ni kwa ubavu au mgongo, mikono kichwani. Anayepiga mbizi kwenye maji ya kiunoni anaichezea shingo yake.

Shangani_Kusini
Shukrani wakuu. Septemba si msimu wa vimbunga kule?

Mlango_wa_Bahari
Ndiyo, Agosti hadi Oktoba. Wimbi la kimbunga linatangulia upepo, kwa hiyo linaweza kuwakuta jua linawaka. Kwenye utabiri msisome kimo peke yake, someni na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita 1 ya sekunde 7 ni mchezo. Mita 1 ya sekunde 14 ina nguvu nyingine kabisa, na inakuja kwa makundi: bahari inanyamaza kitambo, asiyejua anaingia, halafu yanafuatana matano. Siku hiyo anayeanza abaki mchangani.

Upepo: ufukwe unatazama mashariki kama wetu, hivyo umande wa alfajiri, upepo utokao nchi kavu, unalinyoosha wimbi na matlai, upepo utokao baharini, inalivuruga. Amkeni mapema.

Ngalawa_Mikindani
Nyongeza. Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi, usimkatie. Na mkiona bendera ya miraba minne, nyekundu na nyeupe, hiyo ni tsunami: tokeni majini, pandeni juu, vitu viacheni. Bahari ya Hyuga, iliyo mbele ya Miyazaki, ilitetemeka kwa ukubwa wa 7.1 tarehe 8 Agosti 2024, kwa hiyo msiidharau.