Mrejesho: braza na pombe

Wakuu, niliwauliza nimpeleke wapi braza aache pombe, nawashukuru sana mlioniambia nianzie hospitali ya karibu, kitengo cha afya ya akili, kabla ya kukimbilia soba hausi (zile nyumba wanakokaa watu wanaoacha pombe na madawa). Aisee kumbe mtu aliyezoea kunywa kila siku miaka na miaka akiacha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku 2 tu na hata kufa, na mimi nilishataka kumfungia ndani! Wamemlaza, wanampa dawa za kutuliza na vitamini B1, mikono imepunguza kutetemeka, jana kashika kijiko mwenyewe nikalia. Soba hausi niliyopigia mwanzo hawana daktari wala nesi, nimeachana nayo. Akiruhusiwa ataendelea na ushauri nasaha akitokea nyumbani.