Duka la kompyuta Chake Chake limefungua diski yangu bila ruhusa na limepoteza bodi yake: naitaka bodi hiyo

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Duka moja la kutengeneza kompyuta mjini Chake Chake, ambalo jina lake nitaliacha kwa sasa, lilipokea diski yangu ya nje ikiwa mbovu lakini yenye matumaini, na likanirudishia ikiwa imeharibiwa kwa mikono ya watu.

Ndani ya diski hiyo mna sauti za wazee wa Micheweni, Konde na Wete, wanaume kwa wanawake, wakieleza kazi ya karafuu ilivyokuwa zama zao: walivyokwea mikarafuu, walivyolipwa kwa pishi, na nyimbo walizoimba usiku wakichambua makonyo. Baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki, na hapana tena wa kumwendea kumuuliza.

Diski ilianza kugonga. Ukiichomeka unasikia tak-tak-tak, kisha kimya, na kompyuta haiioni. Mara nyingi mlio huo maana yake ni kwamba vichwa vya kusomea vimeshindwa kuzipata alama za kuviongoza kwenye sahani, yaani kile kibamba cha duara kinachohifadhi data, vikarudi nyuma, vikagonga kizuizi na kujaribu upya. Diski ikiendelea kupewa umeme katika hali hiyo, vichwa vinaweza kuikwaruza sahani, na pahala palipokwaruzwa hapana programu inayoweza kuparudisha. Kwa hiyo niliichomoa mara moja, nikaipeleka, na nikamwambia fundi mbele ya wateja wengine: "Usiifungue wala usiifomati. Kama huna vifaa vyake, niambie tu." Akanijibu: "Hapana neno, maalim, hizi tunazitengeneza kila siku."

Niliporudi niliambiwa kwamba data zimekufa, nikatozwa shilingi 40,000 za uchunguzi, na sikupewa hata risiti. Nikaivusha diski hadi Dar es Salaam kwa mtaalamu mwenye kabati la hewa safi, naye akanipigia picha za alichokikuta. Stika inayofunika skrubu imetobolewa. Skrubu zenyewe, ambazo zinataka bisibisi ya nyota ya pembe sita (Torx), zimelika vichwa kwa kulazimishwa na bisibisi isiyo yake. Juu ya sahani, inayong'aa kama kioo, ipo alama ya kidole cha mtu, mistari yake yote ikionekana.

Nyingi ya diski hizi ndogo za kubebea huzungusha sahani mara 5,400 kwa dakika, na kichwa huelea juu yake kwa nanomita chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Punje moja ya vumbi kwa kichwa hicho ni jabali. Ndiyo maana diski hufunguliwa katika hewa iliyochujwa, si juu ya meza ya duka lililo kando ya barabara, feni ikizunguka na mlango ukiwa wazi.

Linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni bodi, yaani kile kibao cha saketi kilichofungwa chini ya diski kinachoiendesha. Namba iliyochapwa kwenye bodi niliyorudishiwa hailingani na ya diski yangu: fundi aling'oa bodi yangu na kufunga ya diski nyingine. Zamani, kwa diski za kale, kubadilisha bodi kuliweza kufaa. Kwa diski za miaka hii, kwenye bodi hukaa chipu yenye vipimo vilivyowekwa kiwandani kwa ajili ya diski hiyo moja peke yake, na anayebadilisha bodi hulazimika kuihamisha chipu hiyo pamoja na yaliyomo ndani yake. Bila ya hiyo, hata maabara kubwa hufanya kazi kwa taabu mno.

Wapo watakaoandika hapa kwamba kijana alikuwa anajaribu kusaidia, na wengine wataniuliza kuhusu nakala za akiba. Hata mtu awe na nakala kumi, diski aliyoipeleka dukani inabaki kuwa amana, na mwenyewe alikataza isifunguliwe. Fundi mwaminifu angesema kazi hii imemshinda, na ningemshukuru. Kama diski ingekuwa bado inasomeka, angeanza kwa kuinakili sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande, kwenye diski nyingine, kwa programu kama ddrescue ambayo huruka palipoharibika na kupageukia baadaye, kisha angeifanyia kazi ile nakala na kuiacha ya asili bila ya kuigusa.

Mwenye duka, najua unapita humu. Naitaka bodi yangu, hata kama imo ndani ya ndoo ya vyuma chakavu nyuma ya kaunta. Usiitupe, usiiuze, wala usiifunge kwenye diski ya mteja mwengine. Shilingi 40,000 tutazizungumza baadaye. Nisipoipata, picha zote nitazipeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na jina la duka nitaliandika hapa hapa. Na nyinyi mliotengenezewa diski mjini Chake Chake karibuni, naomba mlinganishe namba ya bodi na diski mliyonayo. Ikiwa hazilingani, niandikieni faraghani, kwani huenda bodi ninayoitafuta iko kwenu.