Nasari ya umma Lamu: penseli moja watoto wawili, kisha mnasema hawajui kushika penseli!

Wazazi wenzangu, hili limenikaa rohoni tangu juzi, hata usingizi sipati.

Nilimpeleka binti yangu PP2, darasa la mwisho la nasari, nikachungulia dirishani kabla sijaondoka. Watoto 68, nimewahesabu mara mbili. Mwalimu mmoja, mikeka miwili. Wa nyuma wako sakafuni, wameegemea ukuta unaomwaga chokaa, sare nyeupe mgongoni. Mwalimu kashika wembe, anakata penseli vipande viwili viwili ili zienee. Binti yangu kapata kipande cha nyuma, hakijachongwa. Kakishika tu, anangoja wembe umfikie.

Na yule mwalimu mtu asimguse! Chaki ananunua mwenyewe na mshahara unamchelewa. Herufi anazozijua mwanangu, kafunzwa na yeye.

Hasira yangu ni hii. Mwaka jana nilimpeleka kaka yake Gredi ya kwanza. Nikaambiwa mbele za watu: "Hawa wa nasari ya umma hata penseli hawajui kushika." Penseli ipi? Akapewa mtihani, akawekwa kando, wa shule za binafsi wakapita. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumkataa mtoto kwa mtihani. Karo nayo imekatazwa, lakini kila muhula tunatozwa, mara ya uji, mara ya mlinzi, risiti hakuna. Uji wenyewe wiki hii umepikwa siku moja.

Msiniambie nimpeleke ya binafsi. Baba yao ni mvuvi, na muhula wa pili ndio msimu wa upepo wa kusi wenyewe, mashua zimelala. Nasari nyingine ya umma iko upande wa pili wa mji. Mtoto wa miaka mitano atafuatana na nani kila asubuhi?

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Kaunti zipo tangu 2013! Ukuta wa nje ulipakwa rangi, wakubwa wakaja wakapigwa picha, wakaondoka. Ndani hawakuingia.

Jumatatu saa mbili asubuhi naenda ofisini kwa hao wa kaunti. Kile kipande cha penseli binti yangu alirudi nacho mfukoni, nimekiweka. Nitakiweka juu ya meza yao, na siondoki mpaka nijibiwe mikeka inakuja lini na mwalimu wa pili yuko wapi. Mwenye mtoto pale tufuatane.