Nani kawaambia "go away" ni "ondoka", basi? Hizi orodha za Kiingereza zinapotosha watu

Wakuu, leo sina utani. Hizi orodha za "vitenzi 100 vya Kiingereza" zinazozunguka kwenye makundi ya simu zina ugonjwa mmoja: kitenzi upande huu, tafsiri moja upande ule, kwisha. "Go away = ondoka." Mtu anakariri, anafunga daftari, kesho yake anamwambia mteja "Please go away, we are closing" na anaamini kaongea kwa adabu kwa vile kaweka "please".

Hiyo "please" haiokoi kitu. Ukimwelekezea mtu "go away" umemwambia "potelea mbali". Unataka atoke kwa heshima? "Could you wait outside, please?" au "I'm afraid we're closing now." Na kama anayeondoka ni wewe, sema "I'm leaving" au "I have to go". "I'm going away" ni habari ya safari, ya kulala huko. Mwambie bosi jioni "I'm going away now" uone kama hatauliza likizo umeomba lini.

Hilo lakini ni dogo. Kinachoniudhi ni kwamba maana utakayokutana nayo kila siku haimo kabisa kwenye orodha: kuisha. Maumivu, kikohozi, harufu, wasiwasi, tatizo, vyote hivyo "go away". "My headache went away" maana yake kichwa kimeacha kuuma. Aliyekariri "ondoka" hawezi kufika hapo, ndiyo maana anaandika "My headache is finished".

Halafu "kuisha" kwetu kunabeba mzigo ambao Kiingereza kimeugawa kwa vitenzi kibao, na hakuna orodha inayothubutu kuligusa hili. Uvimbe "goes down", na homa ikishuka vilevile. Ganzi au dawa ya maumivu ikiisha nguvu mwilini, "wears off". Ukimwambia daktari "the medicine went away" atadhani umepoteza vidonge. Doa likitoka kwenye nguo, "comes out". Moto au taa ikizimika, "goes out". Mlio unaofifia hadi usisikike, "dies away". Mafuta, muda, salio: "run out", na hapo kuna miundo miwili isiyochanganywa. Kitu kikiwa kiima (yaani mtenda wa sentensi), "The fuel has run out". Mtu akiwa kiima, "We have run out of fuel", na hiyo "of" ni lazima. "We have run out fuel" ni chotara asiye na baba.

Sarufi nayo wameiruka. "Go away" haibebi yambwa, yaani kitu kinachotendewa. Sisi tumezoea kugeuza "ondoka" kuwa "ondoa" kwa kubadili mwisho tu, kwa hiyo mtu anaandika "This tablet will go away the pain" na haoni tatizo. Kiingereza kinataka kitenzi kingine kifanye hiyo kazi: "This tablet will make the pain go away", au "get rid of the pain". Ndiyo hadithi ileile ya "kumkimbia simba": kwetu simba ni yambwa, kwao lazima "run away from the lion". Ukiiacha "from" umevunja sentensi.

Nyie wafasiri nanyi msijifiche. "This problem won't go away" mnaandika "tatizo hili halitaondoka". Hiyo "won't" mara nyingi si wakati ujao tu, ni kugoma. Andikeni "tatizo hili haliishi" au "limegoma kuisha". Ni kazi kiasi gani?

Na "My phone has lost"! Limetoka moja kwa moja kwenye "simu yangu imepotea". Kwa Kiingereza simu haipotei yenyewe kwa "lose". "Has lost" inasubiri kutajiwa kilichopotezwa. Sema "I've lost my phone" au "My phone has gone missing". "Disappear" nayo haina kutendwa kwa matumizi ya kawaida, hivyo "The money was disappeared" ni kosa. Mkikutana na "he was disappeared" kwenye gazeti, hapo wanazungumzia mtu aliyekamatwa na dola akafichwa. Msiihamishie kwenye chenji.

Mnaotunga hizi orodha: kila kitenzi kiwekeeni nani au nini kinachoondoka, kama kinabeba yambwa, kihusishi gani (kama "of" au "from") kinafuata, na kama kumwambia mtu mzima ni tusi. Mkishindwa, wekeni vitenzi kumi badala ya mia.

Jibu la kwanza
Mkuu umenena, ila umesahau "with". "Go away with" ni kusafiri na mtu. "Get away with" ni kufanya kosa bila kuadhibiwa. "Do away with" ni kufuta kabisa, kama sheria au utaratibu. Kwenye orodha niliyonayo zote tatu zimeandikwa "kuondoka na". Zote tatu!

Jibu la pili
Naongezea la hatari zaidi: "pass away" ni kufariki, "pass out" ni kuzimia. Kuna watu wanatuma rambirambi wakiandika "Sorry to hear he passed out", na wengine wanaripoti mgonjwa kazimia kwa "passed away", ndugu wanaanza kulia.

Mwanzisha uzi
Jibu la pili, hiyo ya rambirambi ikwepeni kwa "I'm so sorry for your loss". Haina kitenzi cha kukosea.