Kaburi la Bibi na Uji wa Wodini

Baba Mkubwa: Tumsifu Yesu Kristo, ndugu na wanangu. Misa ya kumbukumbu ya Mama imekwisha kupangwa, na fundi ameleta makisio ya kulijengea kaburi kwa marumaru, pamoja na picha na maandishi. Naomba maoni yenu hapa kwenye kundi letu la familia kabla sijampa malipo ya awali.

Shangazi wa Kaole: Milele amina, kaka. Saruji na msalaba naviunga mkono, marumaru hapana. Katika Matendo ya Mitume, Dorkasi wa Yafa alipofariki, wajane walisimama mbele ya Petro wakilia na kumwonyesha nguo alizowashonea alipokuwa hai. Na sisi tujiulize, akija mtu kumuulizia Mama, tutamwonyesha nini?

Mama Mdogo: Dada, Dorkasi alifufuliwa akarudishwa kwa wajane wake, ilhali Mama hatumwoni tena hadi siku ya mwisho, kwa hiyo usimlaumu kaka kwa kutaka alama ya kudumu.

Binamu wa Muheza: Shikamooni wazee wangu. Mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti aliyefariki Mei 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo, ulibebwa na watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kwa miezi mingi hadi ukafika hapo Bagamoyo Februari 1874, ukapokelewa katika misheni ya Wakatoliki ingawa marehemu hakuwa Mkatoliki. Jiwe lake liko London, ndani ya Westminster Abbey. Lakini mimi ninapotaka kujua alivyoishi na watu, siliulizi jiwe, nawauliza waliokubali kumbeba ilhali wangeweza kumzika palepale wakaenda zao.

Mama Mdogo: Marahaba, mwanangu. Tusiwapambe mno wazungu hao. Mapadri waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watoto utumwani, jambo la kushukuriwa, lakini watoto walewale walilima mashamba ya misheni. Hata upendo wa watu wa Mungu huwa na kasoro zake, na Mama naye, sote tunajua, alikuwa mkali.

Mjukuu: Shikamooni nyote. Nilikwenda hospitali kumtazama rafiki yangu, nikamkuta jirani yetu wa nyumba ya pili, yule mama Mwislamu, akiwagawia uji wa ulezi wagonjwa wasio na ndugu wa kuwaletea chakula. Nilipomuuliza, alisema kwamba zamani alilazwa humo, Bibi akawa anampelekea uji kila asubuhi bila kumuuliza dini wala kabila, na kwamba tangu Bibi alipoanguka yeye ndiye anayekwenda. Ulezi na sukari hununua mwenyewe.

Shangazi wa Kaole: Subhana... nisameheni, ni mazoea ya ujirani. Kaka, umesoma?

Baba Mkubwa: Nimesoma mara mbili. Bwana alisema watu watatutambua kuwa wanafunzi wake tukipendana, na katika mfano wa Msamaria, aliyemhudumia majeruhi ni yule ambaye hakuna aliyemtarajia. Mama alimpenda mtu mmoja pale wodini, na mtu huyo sasa anawalisha wagonjwa ambao Mama hakuwahi kuwaona. Fundi nitamwambia ajenge kwa saruji na kuweka msalaba, na fedha zitakazobaki ziende kwenye ulezi, sukari na kuni.

Mama Mdogo: Nakubali, ila isiwe fedha peke yake, maana Mama hakumtuma mtu, alikwenda kwa miguu yake na chupa yake ya chai. Jumuiya yetu ndogo ndogo ingeweza kugawana siku za juma.

Binamu wa Muheza: Naunga mkono, na nikija likizo nipangiwe siku.

Shangazi wa Kaole: Msipange zamu yoyote kabla mwenyewe hajaulizwa, kwa kuwa kazi ile sasa ni yake, na tukimwendea kundi zima na bahasha tutamdhalilisha kana kwamba alikuwa kibarua wetu. Nitakwenda kesho baada ya alasiri, atakapokuwa amemaliza kuswali, nimuulize anahitaji nini na angependa nani amsaidie.

Baba Mkubwa: Nenda, dada. Fundi nitampigia simu jioni hii.